Sindano ya Saa Mbili

Sogeeni karibu, na aliyekalia kanga ya mwenzake anyanyuke sasa hivi, maana nikishaanza sisimami. Hiki ni kisa cha wasichana watatu, jedwali moja la kompyuta, na mwanamume mmoja aliyekula kiapo kwa pupa.

Wa kwanza, Sikudhani, alikuwa na kipaji cha kuonyesha. Mpe kitu kilichojificha, atakiweka mahali ambapo hata mwenye haraka atakiona. Wa pili, Mwantumu, alikuwa na kipaji cha kuuliza. Alikuhoji mpaka ukasema ulichokusudia, si ulichoropoka. Wa tatu, Namsifu, alikuwa na kipaji cha kutunza. Mwachie neno asubuhi, jioni atakurudishia lilelile, halijakunjika wala halijafubaa.

Hospitali ya Kilimatembo iliwaita watatu hao kwa sababu ya jedwali la wagonjwa. Lilitengenezwa mbali, na watu ambao siku yao huanza kuhesabiwa usiku wa manane. Kila mgonjwa alikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na visanduku: jina, uzito, dawa, saa. Sasa muuguzi wetu akitoa dawa saa mbili asubuhi, anaandika nini? Anaandika 2. Na kompyuta, kwa adabu zake zote, inasoma saa nane za usiku. Ndivyo mzee mmoja wa wodi ya wanaume alivyogutushwa saa nane usiku kutoka kwenye usingizi mzito ili apewe dawa ya usingizi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mganga mkuu hakucheka, maana jedwali hilohilo ndilo lililotumika wodi ya watoto wachanga.

Wasichana wakakikamata kisanduku cha saa.

Sikudhani alishughulikia kinavyoonekana. Akaondoa tarakimu kavu, akaweka maneno ya watu: saa mbili asubuhi. Na kama muda wa dawa inayofuata haujafika, kisanduku kinageuka chekundu na kuandika: bado.

Mwantumu alishughulikia kinavyohaririwa. Ukikibofya, hakikubali namba tupu. Kinafungua saa ndogo ya Kiswahili na kukuuliza: asubuhi, mchana, jioni au usiku? Usipojibu, hakikuachii.

Namsifu alishughulikia safari ya katikati. Jibu la muuguzi likitoka kisandukuni, aliligeuza kuwa saa ya mashine ndipo akalihifadhi. Likitakiwa tena, aliligeuza kuwa saa ya watu. Kazi hiyo huwezi kuiona hata ukikodoa macho, jambo ambalo lilimuuma Namsifu kidogo, na mtamsikia.

Basi ndipo akaingia Shekivuli.

Shekivuli alikuwa fundi magodoro, mtu wa kulaza wenzake. Yeye mwenyewe usingizi ulikuwa umemhama. Mtoto wake wa kwanza alizikwa kabla ya kupewa jina, na tangu hapo mkewe Mwajabu alikuwa akimtaja kwa kunyamaza tu. Sasa binti yao wa pili alikuwa kitandani Kilimatembo, mdogo kama mkate wa boflo, anahema kwa shida. Daktari aliagiza sindano kali, asubuhi saa mbili na usiku saa mbili. "Zisikaribiane," alisema. "Zikikaribiana, figo za mtoto hazitahimili."

Neno lililomtisha Shekivuli ni moja tu, figo. Akamshika mama yake, Bibi Mwanakheri, mkono. "Mama, nisikilize na unishuhudie. Atakayemtoa huyu hapa akiwa hai, binti yangu ataitwa jina lake."

"Hata akiwa ana jina baya?"

"Hata akiitwa Shida."

"Haya. Nimeshuhudia, na mimi sisahau," alisema mama yake.

Asubuhi muuguzi Semeni akachoma sindano, akaenda kwenye skrini iliyokuwa mlangoni mwa wodi, akaandika 2. Kisanduku kikakataa. "Hiki kidude siku hizi kinanihoji kama mama mkwe," akanung'unika, akabofya asubuhi, kikanyamaza. Kwa mazoea yake akaandika pia 2:00 kwenye kipande cha plasta, akakibandika kitandani, akaenda zake kupumzika.

Mchana akaingia muuguzi Kaombwe, kijana mtaratibu aliyeazimwa kutoka wodi nyingine. Kwa kukaa miaka na mashine, alikuwa ameanza kusoma saa kama mashine. Akaiangalia plasta: 2:00. Kwa hiyo saa nane usiku. Akajumlisha saa kumi na mbili. Akatazama saa ya ukutani: ilikuwa saa nane mchana kamili.

Akavuta dawa kwenye bomba la sindano.

Shekivuli akaliona lile bomba, akashtuka. Si walisema usiku? Au daktari amebadili? Akanyanyua kidole kama mtoto wa shule. Kidole kikafika usawa wa sikio, kikajikuna sikio, kikashuka. Fundi magodoro atamwuliza nini mtu mwenye koti jeupe? Mwajabu alikuwa amefumba macho, midomo inacheza dua. Kaombwe akaifungua miguu ya mtoto, akaipangusa kwa pamba. Shekivuli akasikia harufu ya spiriti.

Lakini sheria ya wodi ilikuwa hivi: kabla hujachoma, thibitisha kwenye jedwali. Kaombwe akaenda mlangoni, bomba mkononi. Akasimama. Akainama. Kisanduku kilikuwa chekundu kama pilipili: Amechomwa saa mbili asubuhi. Inayofuata saa mbili usiku. Bado.

Akakisoma tena, midomo yake ikitembea. Kisha akarudisha kifuniko cha sindano, polepole, akarudi kitandani.

"Mzee, kaa," alimwambia Shekivuli.

"Kuna nini?"

"Kaa kwanza. Na mimi nikae."

Binti akapona. Ikafika siku ya kumtoa nje na kumpa jina, ubani unafuka, majirani wamejaa mpaka madirishani. Kaombwe alikwisha kueleza kisanduku kilivyomzuia, basi wale wasichana watatu wakaalikwa, na Bibi Mwanakheri akamkumbusha mwanawe kiapo mbele ya umati, kwa sauti ya kuuza samaki.

Sikudhani akatangulia. "Baba, mkono wa muuguzi ulisimamishwa na nini? Na maneno yangu na wekundu wangu. Ukweli uliofungiwa ndani hauzuii sindano."

"Na huo ukweli uliutoa wapi, shoga?" aliuliza Mwantumu. "Semeni aliandika 2 tupu. Nisingemhoji, ungepamba nini? Ungepaka rangi uongo ukawa mzuri."

Namsifu akacheka kwa pua. "Mmemaliza? Haya. Wewe uliuliza, ukajibiwa asubuhi. Mashine haijui asubuhi ya hapa kwetu. Ningelala mimi, hilo jibu lingehifadhiwa saa nane usiku, na huyu mwenzako angetuandikia hivyohivyo kwa herufi kubwa. Ila kazi yangu haina rangi, basi hakuna anayeniona."

Kila alipomaliza mmoja, Shekivuli alitikisa kichwa kukubali. Alikubali mara tatu, na kila mara jasho lilizidi.

"Nimpe yote matatu," alijaribu.

"Mtoto si kibao cha duka uandike wenye hisa wote," alisema mama yake. "Uliapa jina moja. Mtoto wa kiapo kilichopindwa mimi simbebi."

Mwajabu akamtazama mumewe. Macho yake hayakuwa na utani hata chembe. Mmoja alikwishazikwa bila jina, na huyu yuko mikononi mwa Mwajabu, anapiga miayo. Shekivuli akainamisha kichwa sikioni mwa bintiye. Akafungua mdomo.

Nami namwachia hapohapo, mdomo wazi. Ninyi mliokaa hapa, mwokoeni: aliyeuliza, aliyetunza, au aliyeonyesha? Je, wewe ungemwita mtoto huyu nani?