Nusu ya Mtu wa Kisima cha Sita

Palikuwa na bwana mmoja, ndugu zangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu watu ambao bado hawajaugua.

Najua mtacheka. Mama Tusekile pale mbele ameshacheka. Lakini kazi hiyo ipo, tena ni kazi ya heshima. Kipindupindu kikiingia mjini, daktari anamhesabu mgonjwa aliyelala kitandani. Bwana huyu yeye anakaa na karatasi zake na kuuliza: kisima hiki kinanywesha nyumba ngapi? Mgonjwa mmoja ataambukiza wangapi kabla hajapona? Mvua itanyesha mpaka lini? Anajumlisha, anagawanya, halafu anakuonyesha kwa kidole kwamba ugonjwa utapita hapa, utapumzika pale, na wiki ya tatu utafika kule. Na mara nyingi ugonjwa ulipita njia ileile aliyoichora.

Mwaka mmoja mvua ilizidi, vyoo vikafurika, kipindupindu kikaingia katika mji wake. Wakubwa wakamletea madebe ya dawa ya kutia visimani, wakamwambia, "Gawa wewe, maana wewe ndiye unayejua." Kisima cha mtaani kwake kilikuwa kimeshatiwa dawa Jumatatu, kwa hiyo hakukiweka kwenye hesabu. Vilibaki visima sita. Na mezani pake yalikuwepo madebe matano.

Mmesikia? Visima sita, madebe matano. Debe moja kwa kisima kimoja, maana ukiligawa visima viwili haliui kitu. Wewe ungefanyaje? Usijibu haraka. Nawaona wengine mmefumba macho, mnasema tuombe. Tutaomba, lakini debe la tano haligeuki kuwa la sita kwa sababu umefumba macho.

Bwana yule hakufumba macho. Siku mbili nzima alihesabu: kisima hiki kikikosa dawa, watakufa wangapi? Cha sokoni, arobaini. Cha shuleni, kumi na tisa. Akaenda hivyo mpaka akafika kisima cha sita. Hicho kiko juu mlimani, kwenye matanuri ya matofali. Watu wake ni wachache, na njia ni utelezi mtupu. Hesabu ikatoa jibu lake. Akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri, "Kisima cha sita kisubiri. Hasara: watu wawili na nusu." Akapiga mstari chini yake.

Hiyo nusu isiwasumbue. Wastani ndivyo ulivyo. Wakisema nyumba za usharika huu zina watoto wanne na robo, hakuna mama hapa aliyezaa robo. Ofisini kila mtu aliielewa nusu ile, wakatia sahihi, na Ijumaa madebe matano yakaenda kwenye visima vitano.

Jumapili, baada ya chakula, bwana yule akajinyoosha kitandani. Mvua ilikuwa inaligonga bati polepole. Mnaujua ule usingizi wa mchana, unasikia sufuria zinaoshwa uani na bado unaota? Huo ndio uliomchukua.

Akajiona anapanda mlima. Njia nzima ilikuwa nyeupe, imepigwa mistari ya bluu kama karatasi ya daftari, na matope hayakushika viatu vyake. Mvua ilinyesha lakini hakulowa. Akapanda, akapanda, hachoki. Mbele yake akawaona watu wawili wanashuka bila haraka, mama mmoja ana mkeka wa kijani kwapani, na mzee mmoja ana fimbo.

"Wewe ndiye uliyetuandika?" mama akamwuliza.

"Ndiyo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema. "Umetuandika vizuri. Mwandiko wako unasomeka."

Wakampita, wakaendelea kushuka. Hawakumlaumu hata kidogo, na hilo likamwuma kuliko lawama.

Juu kabisa, karibu na kisima, akamkuta mfyatua matofali. Jitu la miraba minne. Lakini nusu! Upande wa kushoto, toka utosini mpaka kisiginoni, mtu yupo, na jasho linamtiririka. Upande wa kulia hakuna kitu, unaziona nyasi za nyuma yake zikicheza na upepo. Anafyatua matofali kwa mkono mmoja, na kila tofali analolitoa linakuwa jepesi, linaelea kidogo kabla ya kutulia chini.

"Pole na kazi, kaka."

"Nishapoa. Ila kofia hainikai."

"Mbona uko nusu?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe mwenye hesabu?" Yule jamaa akaweka tofali chini. "Wale uliopishana nao mambo yao yamekwisha, ndiyo maana wanatembea wakiwa wazima. Mimi bado sijaamuliwa. Kila nikishika kopo sijui kama ndilo lenyewe."

Bwana yule akajitetea. "Kaka, hesabu yangu haina kosa. Nimeirudia mara tatu."

"Nani kasema ina kosa? Nusu yangu nyingine haimo kwenye hesabu. Uliiweka pembeni kabla hujakaa kuandika."

Akataka kumwuliza, umeiona wapi? Lakini mkono ule mmoja ulikuwa umeshachukua kopo. Mvua ikaliangukia bati kwa nguvu, akaamka.

Akateremsha miguu chini, bado na usingizi. Kidole gumba kikagonga chuma uvunguni. Akainama kutazama.

Debe. Limefungwa vilevile lilivyotoka bohari.

Ndugu zangu, madebe yaliyoletwa mjini hayakuwa matano. Yalikuwa saba. Na visima vilikuwa saba, ukikihesabu na cha mtaani kwake. Jumatatu alipoyapokea, kabla hajashika kalamu, debe moja alilipeleka kwenye kisima chake. La pili akalisukuma uvunguni. Alisema moyoni, mvua hii haieleweki, wanangu watatu wananywa hapo, dawa ikiisha nguvu je? Msimwite mwizi. Hakuuza hata kijiko kimoja. Alikuwa baba mwenye hofu, na mimi siwezi kumchukia baba mwenye hofu. Lakini baada ya kulisukuma lile debe ndipo alipokaa mezani, akagawa kwa haki kabisa, bila upendeleo, kile kilichobaki. Na mchana ule alikuwa amelala juu ya nusu ya mtu.

Akalifunga debe nyuma ya baiskeli, akaushika mlima. Safari hii matope yalishika viatu. Karibu na matanuri akakuta makaburi mawili mapya, udongo bado mwekundu, na kwenye ua wa nyumba ya kwanza umeanikwa mkeka wa kijani. Alisimama pale akalia kwa sauti, mtu mzima. Wawili, kama alivyoandika.

Katika kulia kwake akasikia roda ya kisima inakwaruza. Akageuka. Jitu la miraba minne, zima, pande zote mbili, limeshavuta ndoo, limechota kopo, linalipeleka mdomoni.

"Kaka! Usinywe!"

Jamaa akashangaa, kopo liko hewani. "Nisinywe kwa nini, mzee? Nina kiu tangu asubuhi."

"Ngoja, kaka. Nimekuletea dawa ya kisima. Nimechelewa, nisamehe."

"Haya," yule jamaa akasema, akamwaga maji chini, akakaa juu ya tofali kungoja. Mpaka leo hajui kwamba aliwahi kuwa nusu.

Sasa tuje kwetu. Sisi hatuhesabu kipindupindu, lakini kugawana tunajua. Tunakaa vikao, tunatikisa vichwa kwa huruma, tunasema, "Kilichopo hakitoshi, wenzetu hawa itabidi wasubiri." Na hesabu zetu ni safi, ukizikagua huoni doa. Kwa hiyo mimi siulizi hesabu. Nauliza uvunguni. Kabla hujakaa mezani na uso wako wa huruma, Jumatatu ulisukuma nini chini ya kitanda? Bibi zetu walipeleka malimbuko madhabahuni kwanza, ndipo wakala. Sisi malimbuko tunajipelekea wenyewe, halafu Mungu na jirani tunawagawia kwa haki makombo, na tunajiita waadilifu!

Mnaguna. Guneni tu, mimi nilianza kuguna jana.

Jumatano baraza la wazee linakaa kugawa maji ya tangi la kanisa. Mitaa ni minne, maji yanatosha mitatu. Ratiba nimeiandika mwenyewe. Nimewasikitikia sana watu wa mtaa wa Darajani watakaosubiri, hata sala ya kuwaombea nimeshaitunga, nzuri kweli. Sasa jana mchana, kalamu ikiwa bado mkononi, nikaenda jikoni kwangu kunawa. Nikafungua bomba. Maji yakatoka. Ndugu zangu, bomba lile linatoka kwenye tangi hilohilo, na kwenye ratiba halimo. Sikulisahau. Maji yake hutoka kabla ratiba haijaanza.

Mzee Mwasongwe, wewe ni fundi. Ibada ikiisha usipitie nyumbani kula. Njoo kwangu moja kwa moja, na uje na spana.