Mtoto wa Ravoni na Mkia wa Boto

Hapo zamani, katika msitu mmoja wa Bukini, yaani Madagaska, waliishi lemuri, wanyama wanaofanana na kima, wenye mikia ya pete nyeusi na nyeupe. Kwao majike ndio waliotawala. Majike wakila, madume walingoja. Dume akijisahau, alizabwa kofi na kusogea bila kinyongo.

Mkuu wao alikuwa Ravoni, na alikuwa na mtoto mchanga.

Asubuhi moja ya baridi, kundi liliketi kuota jua, matumbo wazi, mikono imetandazwa. Dume aitwaye Lita aliwekwa alinde. Jua lilipompasha tumbo, akalala fofofo. Zafi, dume wa pili, alipoona mlinzi anakoroma, akapanda kileleni mwa mkwaju kuiba matunda ya majike. Wa tatu, Boto, alikuwa juu ya tawi akigombana na dume wa jirani. Lemuri dume wakigombana hupaka mikia yao harufu na kupungiana, na Ravoni alikuwa amekataza ugomvi huo, maana ulimkosesha hamu ya kula.

Mara mwewe akashuka, akamnyakua mtoto.

Zafi alimwona. Angenyamaza, wizi wake usingejulikana. Lakini akapiga ukelele, ukwaju ukimtoka mdomoni. Boto akageuka, na mwewe alipopita karibu akampiga usoni kwa ule mkia unaonuka. Mwewe akapiga chafya, kucha zikafunguka. Mtoto akaanguka, puu, juu ya tumbo nene la Lita. Lita, bado usingizini, akamkumbatia.

Ravoni alilia, akamnyonyesha mwanawe, kisha akatangaza kwamba dume mmoja, yule aliyemwokoa mtoto, tangu siku hiyo atakula pamoja naye.

Zafi akasema bila ukelele wake hakuna ambaye angegeuka. Boto akasema ukelele haujawahi kumfungua mwewe kucha.

"Na mngemwokota wapi?" akauliza Lita. "Kwenye mawe?"

Majike wengine wakanuna. Walisema mmoja ni mwizi, mmoja mgomvi, mmoja mlinzi aliyelala, na wote walale njaa.

"Mama," Zafi akasema taratibu, "kama tungekuwa watiifu, mtoto angekuwa wapi?"

"Kama Lita angekuwa macho," Ravoni akajibu, "mwewe asingefika."

Lita akatazama chini. Lakini mtoto alikuwa amerudi juu ya tumbo la Lita na kulala, na kila alipotolewa alilia.

Ravoni akachuma ukwaju mmoja, akauinua mbele ya wale watatu waliokuwa wakimeza mate.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Je, nani alistahili kuula?