Zamu Moja Tu kwa Nakijwa

Paukwa!

— Pakawa!

Na anayesinzia?

— Akatandike mkeka wake!

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye muhogo mdomoni, umalize kabisa, maana hadithi hii si ya kutafunia.

Hapo zamani za kale, huko milimani, palikuwa na kijiji kilichoishi kwa mfereji mmoja. Maji yalitoka bwawani, chururu, chururu, yakaingia shamba kwa shamba, kwa zamu. Mwenye kuzibua bwawa alikuwa Mzee Mrindoko.

Ee, Mrindoko! Hakuwa na upendeleo yule mzee. Ndugu yake akija, zamu moja. Mgomvi wake akija, zamu moja. Mkewe mwenyewe alipolalamika kwamba mboga zinanyauka, alijibiwa, "Ngoja zamu yako, mama." Watu wakamsifu hadi vijiji vya jirani. Naye, tuseme kweli, sifa zile zilimkolea.

Basi, kijijini humo alikuwako binti aitwaye Nakijwa. Baba yake alikuwa amefariki, amebaki na mama yake na kishamba chao cha maharage. Lakini kichwa! Alichosoma leo, kesho alikifundisha. Mwalimu wa kijiji akaishiwa na la kumfundisha, akapeleka habari zake kwenye chuo kikuu kimoja ng'ambo ya bahari, walikosomea watu utabibu. Jibu likarudi: aje, kufundishwa ni bure, nauli ajitafutie.

Nauli! Mama na binti wakatazamana. Kitu pekee cha kuuza kilikuwa maharage yale. Yakikomaa, Nakijwa angeondoka na wafanyabiashara wanaoteremka pwani baada ya mavuno. Yasipokomaa, basi tena.

Wakalima. Wakapalilia. Maharage yakatoa maua. Na jua nalo likawaka, likawaka, likawaka! Maua yakaanza kupukutika, pu, pu, pu.

Mama Nakijwa akamfuata mzee bwawani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Maharage yanaendeleaje?"

"Yanakufa, baba. Naomba utuongezee zamu moja tu. Mtoto anataka kwenda kusoma."

Mzee alimpenda sana binti yule. Aliyatazama maji, akawaza: nikimpa huyu, kesho watasema Mrindoko naye ana watu wake.

"Mwanangu, hata mke wangu simwongezei. Watu hawatakubali."

"Nimekusikia, baba," akasema mama, akaenda zake.

Maji chururu, chururu, kwa zamu, kwa zamu. Zamu yao iliporudi, maharage yalikuwa makavu, ukiyagusa, kacha! Wafanyabiashara wakateremka pwani. Nakijwa alisimama kando ya njia, jembe begani, akawatazama mpaka wakapotea. Kisha akaenda kulima kibarua shambani kwa watu.

Mzee aliliona hilo. Chakula kikamshinda. Siku ya mkutano wa kijiji akasimama, akauliza, "Jamani, kama ningewaomba mpunguze maji ili Nakijwa akasome, mngekubali?"

Mama mmoja mwenye shamba la juu akasema, "Mimi ningempa zamu yangu nzima. Mahindi yangu yalikuwa yameshakomaa."

"Hata mimi," akasema mwingine.

"Hata mimi!"

"Hata mimi!"

"Sasa mbona hamkusema?" mzee akafoka.

"Mbona hukutuuliza, mzee?"

Mrindoko akakaa chini.

Wakachanga pale pale: mahindi, kuku, mbuzi. Habari ikapelekwa ng'ambo. Jibu likarudi: nafasi amepewa mwingine, na chuo hicho hakimwiti mtu mara mbili.

Tangu hapo, kila mara kabla ya kuzibua bwawa, mzee aliita kwa sauti kubwa, "Nani ana shida? Aseme, tumsikie sote!" Watoto wengi wakasoma ng'ambo kwa desturi hiyo. Nakijwa alikuwa akiwasaidia kufunga mizigo yao.

Mrindoko alipozeeka na kulala kitandani, akamwita Nakijwa, ambaye sasa alikuwa na watoto wake.

"Mjukuu wangu, nisamehe."

"Nilikusamehe zamani, babu."

"Basi mbona bado inaniuma?"

Nakijwa akavuta shuka, akamfunika vizuri.

"Hata mimi bado inaniuma, babu," akasema.

Jamani, mpaka leo watu wa milimani wakitaja hekima, humtaja Mrindoko. Na ni kweli, alikuja kuwa na hekima. Lakini aliyeilipia hekima hiyo ni Nakijwa, na jina lake hawalitaji. Kwa hiyo, wewe unayewajibia watu, waulize kwanza, tena mapema, maharage yangali na maua.

Hadithi yangu inakomea hapo. Nami ningependa ikomee pengine, ila sikuikuta hivyo.