Wifi Mbele ya Afisa wa Viza

Afisa wa viza aliisukuma kando albamu ya harusi. "Picha hupigwa studio. Na mashahidi wako ni mashoga zako, watasema lolote. Kesho saa nne ni mwisho wa kuleta ushahidi kwamba ndoa yenu ni ya kweli."

"Sawa," alisema Zuwena, ambaye mumewe alikuwa Kanada.

Kesho yake, mwanamke aliingia akihema. "Mimi ni dada wa mume! Usimpe viza huyu!"

"Kwani ndoa yao ni ya uongo?"

"Ingekuwa ya uongo si ningelala usingizi! Miaka sita amemganda kaka yangu kama kupe. Siku ya harusi nililia, ukumbi mzima ulinishuhudia. Kaka akituma friji, linakwenda kwa huyu. Mama yetu tunamnunulia barafu dukani. Kaka akiugua mafua tu, anampigia huyu kwanza!"

Afisa aliandika yote, kisha akagonga muhuri.

"Umemnyima?"

"Nimempa."

Nje, wifi alimgeukia Zuwena. "Lakini yule jirani yako aliyenipigia simu jana alisema nikiyamwaga yote utanyimwa!"

Zuwena alibana pua. "Usibakishe hata moja, dada," alisema, kwa sauti ya yule jirani.