Kuku wa Darasa la Pili

Hapo zamani, na si zamani ile ya mababu, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na shule ya msingi huko milimani, na katika shule hiyo palikuwa na Darasa la Pili, na katika Darasa la Pili palikuwa na mwalimu aliyependa taratibu kuliko alivyopenda chai. Jina lake Mwalimu Eliwaza.

Mwanzo wa mwaka aliwaita wazazi, mmoja kwa kila nyumba, akasimama mbele yao.

"Kwangu lango linafungwa saa moja na nusu. Mtoto akichelewa simuulizi yeye, nakuuliza wewe.

"Kwangu mtoto hasemi mpaka anyooshe mkono, na akishanyoosha hasemi mpaka aitwe. Hilo mlifuate na nyumbani, nisije nikajenga mimi huku mkabomoa ninyi kule.

"Nitapita nyumba kwa nyumba kuwatembelea. Nikija, msinipikie. Nakuja kumwona mtoto, siji kula.

"Na darasa letu lina kuku. Kila Ijumaa atakwenda nyumbani na mtoto mmoja, Jumatatu atarudi mzima. Siku hiyo mtoto atasimama mbele ya wenzake awaeleze kuku alikula nini, alilala wapi, na alifanya vituko gani.

"Na wewe uliyekuja leo, ukifika nyumbani waeleze wenzako."

Wazazi wakaitikia, ndiyo mwalimu. Mnawajua wazazi mkutanoni, huitikia ndiyo ili wakawahi kwao.

Kuku huyo, mwekundu, watoto walimwita Kiranja, kwa sababu alipita katikati ya madawati akiwakagua. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidole kimoja pungufu. Ukimwita anakuja. Ukimwambia simama, anasimama. Kuku alikuwa na adabu kuliko baadhi yenu hapo nyuma mnaonong'ona.

Sasa, katika darasa hilo palikuwa na mtoto anaitwa Mboni. Mboni alikuwa na haya. Tangu aanze shule hakuwahi kusimama mbele ya wenzake akasema jambo likaisha. Lakini zamu yake ya Kiranja ilipokaribia, Mboni alibadilika. Alisuka kitanda cha kuku kwa majani ya mgomba. Akawa anajifunza maneno ya Jumatatu peke yake, huku anaosha vyombo: "Kiranja alikula pumba. Kiranja alilala jikoni kwetu." Mama yake alimsikia akafurahi mpaka akataka kulia.

Ijumaa Mboni akaja na Kiranja kwapani. Kiranja akala pumba. Kiranja akalala jikoni. Mpaka hapo kila kitu ni sawa.

Jumamosi asubuhi Mama Mboni akaenda mashineni kusaga. Huku nyuma akafika bibi, mama yake Baba Mboni, kutoka kijiji cha pili, amekuja kuwaona wajukuu. Hajavua hata viatu, hodi! Nani? Mwalimu Eliwaza, amekuja kutembelea.

"Karibu, mwalimu, karibu ndani!" bibi akasema. "Mboni, kimbia mashineni ukamwite mama yako, mwambie mwalimu kaja."

Mboni akatoka mbio.

"Sikai, bibi," mwalimu akasema. "Na wala msinipikie, ni utaratibu wangu."

"Utaratibu wako uko shuleni, mwanangu. Hapa upo wa kwangu. Mwalimu atoke nyumba hii na mdomo mkavu, watu watatusemaje?"

Mwalimu akakaa. Bibi akatoka uani akamwambia mwanawe, "Baba Mboni, shika kisu, kamata kuku."

Baba Mboni akashika kisu. Kuku wa nyumbani walipoona kisu, huyu kaingia migombani, yule karuka ua, wote wamepotea. Akabaki mmoja. Baba Mboni akamwita, akaja. Akamwambia simama, akasimama. Baba Mboni akastaajabu, "Huyu kuku kalelewa vizuri," akamchinja.

Mama Mboni na Mboni wanarudi, wanakuta beseni la maji ya moto na manyoya. Mboni akatazama ndani ya beseni. Akaona mguu wa kushoto. Kidole kimoja pungufu.

Mboni akafungua kinywa. Mama yake akamwekea kidole mdomoni.

"Nyamaza, mwanangu. Mgeni yuko ndani, tutaaibika. Usiseme neno mpaka mwalimu mwenyewe akuruhusu."

Kisha Mama Mboni akavaa kanga ya pili kiunoni, akakuna nazi, akampika Kiranja. Na alimpika vizuri, nisimsingizie. Mwalimu Eliwaza aliposikia harufu ya mchuzi ule, ule utaratibu wa kutokula ulimtoka kichwani wote.

Wakakaa kula. Mboni akanyoosha mkono.

Baba yake akamwona. "Mtoto anataka nyama," akamwekea bawa.

Mboni akanyoosha mkono wa pili. Bibi akamwona. "Mpeni mtoto, anakua huyu," akamwekea paja.

Mboni akanyoosha mikono yote miwili. Mama yake akainamisha macho kwenye ubwabwa. Mwalimu akacheka, mdomo umejaa.

"Mboni, teremsha mikono, hapa si shuleni. Kula, mwanangu."

Mboni akateremsha mikono. Hakula. Machozi yalikuwa yanamtoka kimyakimya yanadondokea kwenye lile paja, na watu wazima wanne hakuna aliyemuuliza una nini. Hapo mimi huwa nakasirika, niseme tu ukweli.

Baba Mboni akachukua firigisi, ambayo nyumba ile hakuna mwingine aliyewahi kuila, akamwekea mwalimu kwa heshima. Mwalimu akaila. Akanawa. Akashukuru. Akasimama kuaga.

"Mambo mazuri sana, Mungu awabariki. Sasa kabla sijaondoka, nimsalimie na Kiranja. Yuko wapi?"

Bibi akauliza, "Kiranja ndiye nani?"

Mboni akanyoosha mkono.

"Haya, Mboni," mwalimu akasema, "nimekuruhusu."

"Mwalimu, Kiranja umemla."

Mwalimu akashika kiti.

"Na firigisi yake pia," Mboni akasema, akaangua kilio.

Basi pale sebuleni pakawa baraza. Baba Mboni alianza, kwa sababu kisu kilikuwa bado na damu.

"Nitamnunua mwingine leo hii hii, mwekundu vilevile."

"Watahesabu vidole," Mboni akasema katikati ya kilio.

"Kuku mwingine utaleta, hilo halina mjadala," mwalimu akasema. "Lakini Jumatatu watoto watauliza alilala wapi. Mtu asimame awaambie. Na utaratibu unasema anasimama mtoto aliyemchukua."

Mboni akalia zaidi. Siku zote zile za kujifunza maneno yake, na sasa asimame aseme hayo? Wangemwita mla kuku mpaka amalize darasa la saba.

"Asimame mtoto kwa kosa gani?" bibi akasema. "Mimi nilisema kamata kuku, sikusema kamata mwanafunzi. Nimefika leo. Nani aliniambia nyumba hii ina kuku anayesoma? Asimame aliyeshika kisu."

"Nimetumwa na mama yangu mzazi, ningekataa?" Baba Mboni akasema. "Asimame aliyekwenda mkutanoni asiniambie kitu."

"Nilikuambia!" Mama Mboni akasema. "Nilikuambia yote, ukasema mh."

"Mpira ulikuwa redioni."

"Basi asimame huo mpira! Mimi nilimkuta keshakufa. Nilimsitiri mgeni na nyumba yangu."

"Ukaninyamazia nikala," mwalimu akasema. "Mimi nimekula nilichowekewa mezani."

"Wewe si ulisema hupikiwi?" bibi akasema. "Sahani yako mbona nimeikuta nyeupe? Na mtoto alinyoosha mkono mbele yako, ukamwambia ateremshe. Utaratibu ni wa nani huo?"

Kila mmoja alikuwa na neno, na kila neno lilikuwa na ukweli ndani yake. Walisemezana mpaka jua likazama, hawakuafikiana.

Jumatatu wakaongozana wote watano, na kuku mpya kwapani mwa Baba Mboni. Walifika kabla lango halijafungwa. Mwalimu akafungua mlango wa darasa, na Darasa la Pili zima likasimama, shikamoo mwalimu, halafu macho yote kwa yule kuku. Mtoto mmoja wa mbele akainama, akahesabu vidole.

"Huyu si Kiranja. Kiranja wetu yuko wapi?"

Bibi akamtazama Baba Mboni. Baba Mboni akamtazama Mama Mboni. Mama Mboni akamtazama mwalimu. Mwalimu, kwa mazoea tu, akasema kama asemavyo kila siku, "Anayejua jibu anyooshe mkono."

Pale mlangoni walikuwa wanne wakubwa na mdogo mmoja, na wote watano walilijua jibu. Mkono ulionyooka ulikuwa mmoja, mdogo.

Mwalimu hajamwita bado. Na mimi nawaachia hapo hapo mlangoni. Wewe uliyecheka sana wakati wa firigisi, na wewe mama unayemtazama mumeo, msinipigie kelele, nyoosheni mikono niwaite mmoja mmoja. Aliyeamuru, aliyechinja, aliyepika, aliyekula, na huyu aliyenyoosha mkono tangu mwanzo: je, nani alistahili kusimama mbele ya watoto wale?