Kwa Nini Mbegu Hulala Juu ya Moshi

Hapo kale moshi wa jikoni haukuwa na kazi ila kuwaliza wapishi. Mtama wote ulilala ghalani, wa kula na wa mbegu, na fukusi, mdudu atoboaye nafaka, hakuwa adui wa mtu.

Siku hizo Mbodze, mke wa Ngala, ndiye aliyekabidhiwa ghala la mji mzima. Baada ya mavuno aliona fukusi wawili wakitembea juu ya mtama. Akanyoosha kidole awaponde, lakini mama mkwe wake, Dama, akamzuia.

"Mkazamwanangu, wa kwanza kuingia ghalani ni mgeni. Mgeni hauawi."

Ndivyo mila ilivyokuwa, na Mbodze hakuwa mtu wa kubishana na mkwewe.

Mwezi wa pili fukusi walijaa kiganja. Wa tatu, kibaba. "Ghala bado limejaa," watu wakasema, na kweli lilikuwa limejaa. Lakini kila fukusi aliyezaliwa naye alizaa, na wanawe wakazaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikaa miezi sita na hakuna aliyewapa hata kijiti! Mvua za kupandia zilipokaribia, Mbodze alitia mkono ghalani akatoa vumbi na maganda. Aliketi chini akalia kwa uchungu, maana mji ungepanda nini?

Jikoni, juu ya mafiga, lilining'inia shuke moja alilolitundika siku ya mavuno kwa furaha tu. Lilikuwa jeusi kwa masizi, ila punje zake zilikuwa nzima, kwani fukusi hawakuuweza moshi. Watu wakataka lipikwe uji, wapate japo kuramba.

"Nisamehe, mama," Mbodze akamwambia Dama, shuke kifuani. "Wawili tu wametumalizia ghala. Punje zote hizi zitashindwaje kulijaza?"

Dama akaenda kuchukua jembe lake.

Msimu ule walikula mizizi na mboga za mwituni. Walivuna makapu machache, wakajizuia, wakapanda tena yote. Mavuno ya pili yalijaza ghala, na majirani wakagawiwa mbegu.

Na tangu siku hiyo, mashuke ya mbegu hutundikwa juu ya moto, na fukusi wa kwanza hupondwa na yeyote amwonaye, hata akiwa mkazamwana wa jana. Mpishi macho yakimwasha, hufuta machozi, akatazama juu, akaongeza kuni.