Kwa Nini Majani ya Juu ya Mvule Hukaa Upande

"Shauri la Kivuli Kisicho na Idhini katika Tawi la Chini, Sehemu ya Kwanza." Hivyo ndivyo Kinyonga, karani wa msitu, alivyoliandika jambo ambalo Mvule mwenyewe angelieleza kwa maneno matatu: mwanangu anakufa njaa.

Zama hizo majani ya miti yote yalilala bapa kama sahani, kila moja likikinga jua kwa uso mzima. Ya kileleni ndiyo yaliyotangulia kula. Kabla ya adhuhuri yalikuwa yameshiba, na mchana kutwa yakabaki yameanika vifua, kingo zikiungua, yasiweze kumeza tonge jingine wala kumpisha mwenzao. Chini yake giza totoro. Mvule alimtazama kitindamimba wake, tawi la chini kabisa, akigeuka manjano jani baada ya jani.

"Mpisheni mdogo wenu," aliyasihi ya juu.

"Mama, sisi tumekaa mahali petu, jua likatukuta. Tumemwibia nani?"

Mvule akapeleka malalamiko barazani. Mwenyekiti, Tumbili, akaunda kamati. Kamati ilipanda kileleni, ikakuta mwanga tele, ikaandika: hakuna upungufu. Ikashuka chini, giza likaizuia kuona chochote, ikaandika: hakuna kilichoonekana. Kinyonga, mwenye jicho moja juu na jingine chini, aliyaona yote mawili. Lakini karani haulizwi.

"Shauri limepokelewa, Mama Mvule," alisema Tumbili. "Subiri masika mawili."

"Mwanangu hana hata wiki, Mwenyekiti."

"Basi naye alete barua yake."

Siku ya tatu msafara wa harusi ulipita msituni, ukatua shinani kwa Mvule kula. Mkeka ukatandikwa, sinia la pilau likatuliwa, watu wanane wakalizunguka, kila mmoja amelikabili kifua wazi na magoti nje. Wanne wakabaki wamesimama, mikono wameshanawa, macho kwenye nyama.

Bi Mwanatumu, somo aliyemfunda bibi harusi, hakuvumilia. "Hebu kaeni upande! Mmejitanua hivyo, mnauza vifua? Bega la kulia ndani, la kushoto nje!"

Wakageuka ubavu. Nafasi ikapatikana, wale wanne wakapenya.

"Haya, kuna aliyepungukiwa tonge?"

"Hakuna, somo," alijibu mmoja kwa mdomo uliojaa. "Mkono wa kulia ni mmoja tu, na mdomo ni ule ule."

Mvule aliwatazama wote kumi na wawili wakila sinia moja. Kisha akainua sauti kileleni: "Kaeni upande!"

"Tutakufa njaa, Mama!"

"Nyinyi? Mmeshiba tangu asubuhi. Hicho kinachowaunguza ni tonge la mdogo wenu."

Jani moja la ncha kabisa, lililoungua kuliko yote, likajaribu kugeuka. Jua likateleza ubavuni mwake, likapita. "Ah!" likapumua. "Kumbe huku kuna raha!" Jirani yake akageuka, na jirani wa jirani, hadi kilele kizima kikawa kimekaa kama watu wa sinia. Mwanga ukashuka. Majani ya kati yakainama kidogo, yakala, yakapitisha. Ulipofika chini ulikuwa umebaki haba, lakini kitindamimba alikuwa ametandaza majani yake kama viganja vya mwombaji, hakuacha hata chembe idondoke.

"Mama, ni vuguvugu," akasema.

"Kula, mwanangu. Kula."

Miti jirani, mikangazi na mininga, ilichungulia, ikaiga, bila kuomba kibali cha mtu.

Na tangu siku hiyo, ukipanda mti mkubwa wa msituni utakuta majani ya kileleni madogo, yamekaa upande, na ya chini mapana, ya kijani kizito, yamelala wazi. Jua ni lile lile moja, na mti mzima unakula. Ukiona vipande vya mwanga vikicheza ardhini adhuhuri, hayo ni makombo tu ya sinia, na hata hayo yana miche inayoyasubiri.

Kamati ilirudi masika ya pili, ikakuta hakuna anayelalamika, ikajipongeza kwa azimio refu. Kilichotokea ni kwamba majani ya juu yaligeuka ubavu, na tawi la chini halikufa.